Pini za madaftari ya baba

Kuna binti anaandika kumbukumbu zake na huwa ananitumia kurasa nizipitie, juzi kaniuliza kwenye meseji: nikiandika jambo halafu ndugu yangu akaja kusema haikuwa hivyo, nifute? Tangu hapo kichwani kwangu unazunguka usiku mmoja tu, ule wa hafla ya hadithi niliyopanda jukwaani kusimulia, ule ambao dada alikuja.

Hafla za aina ile mnazijua, zimeenea sana siku hizi, na kundi lililoupa mtindo huo jina kubwa ni The Moth lililoanzia New York mwaka 1997. Unapanda jukwaani, unasimulia kisa cha kweli, kiwe chako mwenyewe, na karatasi huna. Watu wengi wanaogopa hilo la karatasi. Mimi naona zito kuliko yote ni la kisa kuwa chako.

Basi nikasimulia siku baba alipochoma mashairi yake. Jioni, uani, amechuchumaa, anaweka daftari moja analisubiri liishe ndo anachukua jingine, hataki yaungue kwa pamoja. Jalada la bluu linajikunja, karatasi inageuka kahawia, kuna kama sekunde moja hivi unaweza kusoma mstari halafu mstari haupo. Kisha pini. Zile pini mbili za katikati ya daftari haziungui, zinabaki kwenye majivu zikiwa nyekundu, zinapoa zinakuwa nyeusi, na mimi mtoto nanyoosha mkono niokote moja. Hapo ndo nikamwona dada, safu ya pili. Dole gumba lake lilikuwa linasugua ncha ya kidole cha shahada, taratibu, linaenda linarudi, na kichwa anakitikisa. Hasira hana, anatikisa tu kama mtu anayesikia jina lake likitamkwa vibaya. Nikaendelea maana ukisimama pale hadithi inakufa, lakini kila neno lililofuata nilikuwa namsimulia yeye peke yake.

Makofi, salamu, picha, hayo nayaruka. Nje akaniambia, "Umesimulia vizuri mdogo wangu, umenitoa machozi. Lakini hukuwepo. Ulikuwa kwa shangazi. Niliyeokota ile pini ni mimi, nikakusimulia uliporudi, ukawa unaning'ang'ania nirudie kila usiku kabla hujalala." Akanipa kidole nikishike. Kovu lipo, dogo, gumu.

Mama anasema tulikuwepo wote. Baba hayupo wa kumuuliza.

Baadaye nikasoma habari ya Oliver Sacks, yule daktari na mwandishi, nikakaa nayo muda mrefu. Kwenye kitabu chake cha kumbukumbu za utotoni cha mwaka 2001 aliandika alivyoliona bomu la moto likiwaka nyuma ya nyumba yao London wakati wa vita, na kaka yake akaja kumwambia hukuliona, hatukuwepo nyumbani, kaka yetu mwingine ndiye aliyetuandikia barua akaelezea. Sacks akakubali, ila kilichonigusa ni kwamba hata baada ya kukubali picha yenyewe haikufifia hata kidogo, ilikaa sawasawa na zile za kweli. Mimi pia nauona ule moto. Nasikia joto lake usoni. Kama hiyo si kumbukumbu yangu basi sijui iitweje, na bado kovu liko kwa dada.

Ndo maana kauli ya "simulia ukweli wako" inayorushwa kila warsha ya uandishi hainitoshi. Maisha hayasimuliki mtu akiwa peke yake. Annie Ernaux, yule mwandishi wa Ufaransa, alipata Nobel ya fasihi mwaka 2022 na vitabu vyake vingi ni maisha yake mwenyewe, lakini vifungue, utamkuta baba yake, mama yake, dada yake aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Ukichukua kalamu umewachukua na wao, wapende wasipende. Na sidhani dawa yake ni kunyamaza, maana kama nisingepanda jukwaani, dada asingelisema lile neno, alikuwa amekaa nalo miaka yote.

Ile hadithi nimeiandika na nimeiacha jinsi ninavyoikumbuka, nikaongeza aya moja ya dada, kwa maneno yake, anasema sikuwepo. Aliisoma akasema haitoshi, aya moja mwishoni ni kama kumpa mtu kiti wageni wakishaondoka. Nilitaka kubisha nikakosa pa kuanzia. Sasa na yeye ameanza kuandika yake, anaandika usiku watoto wakilala, na kanikataza kabisa kusoma mpaka amalize.