Wiki moja Zermatt na mama mdogo

Tangu nirushe zile picha za Februari watu hawajaacha kuniuliza, bei gani, baridi je, na wewe ski, kule kuteleza juu ya theluji na mbao ndefu miguuni, umejifunzia wapi, kwa hiyo leo nimekaa na chai yangu naandika yote kwa pamoja.

Mama mdogo alikuja kunitembelea hapa Bern kutoka Tanga, mara yake ya kwanza Ulaya, na mimi miaka minane naishi Uswisi sijawahi kulala hata usiku mmoja kwenye hizi hoteli za milimani wanakoenda wenye nazo. Kila mwaka nasema kule si kwetu. Safari hii nikasema hapana, nimeweka akiba karibu miaka miwili, namchukua mama yangu tunaenda Zermatt, kijiji cha ski chini ya mlima Matterhorn.

Unapanda treni mpaka Visp, halafu unaingia treni ndogo nyekundu inayopanda bondeni taratibu zaidi ya saa nzima, mto chini, majabali huku na huku. Wenye magari wanayaacha Täsch, kijiji cha kabla yake, na kumalizia na treni kama dakika 12 hivi, kwa sababu Zermatt magari ya mafuta hayaruhusiwi kabisa, mle ndani kuna vigari vya umeme tu vyenye umbo la sanduku, na farasi. Tumeshuka stesheni, theluji inaanguka, mama mdogo akasimama akasikiliza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona kimya hivi, kuna msiba?" Nikamwambia ndio mji wenyewe huo mama. Na kwa kweli kama ukiniuliza pesa yangu ilikwenda wapi nitakwambia nusu nzima ilinunua ule ukimya.

Hoteli yenyewe ni ya familia, ya zamani, ndani mbao tupu mpaka dari. Mambo yao ni ya kizamani na ndiyo niliyoyapenda, siku ya kwanza mnapewa meza yenu na ni hiyo hiyo wiki nzima, mhudumu ni yule yule, siku ya pili alishajua mama mdogo anakunywa chai ya tangawizi na hataki maziwa. Chini kuna chumba cha buti, ukirudi unazitundika kwenye vyuma vyenye joto, asubuhi unavaa buti kavu na yenye joto, jamani, kale kajoto kwenye vidole saa mbili asubuhi nje kuna hasi 14! Jioni watu wanavaa vizuri kwa chakula, wazee wa watu na makoti yao. Mama mdogo akashuka na dera lake la zambarau na mtandio, bibi mmoja meza ya jirani akainuka kabisa kuja kuliangalia lile dera kwa karibu.

Kwa wanaouliza chakula: fondyu, ile jibini iliyoyeyushwa unayochovya mkate, kwa kawaida inapikwa na mvinyo mweupe, na mara nyingi wanaongeza pombe kali ya cheri, kwa hiyo kama hutumii uliza kwanza. Sisi tulikula rakleti, ni jibini inayeyushwa kwenye moto inakwanguliwa juu ya viazi vya kuchemsha, na vitango vya siki pembeni. Siku tatu mfululizo mama mdogo hakutaka kingine.

Sasa ski. Siku ya kwanza nilikosea kitu kimoja kikubwa, nilivaa soksi mbili nikidhani ndio joto, na duka nililokodi hawakuniambia kitu, buti likabana, damu haipiti, saa nne nilikuwa sisikii miguu mpaka nikaogopa kweli. Soksi moja tu, ndefu, nyembamba, usikubali mbili. Na chukueni mwalimu, nasema hivi kwa moyo wote, hata kama ni ghali, maana tiketi ya siku moja tu ya lifti, zile zinazokupandisha mlimani uteleze tena, inalipa pango la chumba Tanga na chenji inabaki, sasa ukiipoteza siku hiyo unaanguka peke yako ni maumivu mara mbili. Wanaoanza wanapelekwa Sunnegga, mita 2,288, unapanda na treni inayopita ndani ya mwamba, dakika chache tu uko juu, pana uwanja mdogo karibu na ziwa lililoganda, watoto wa miaka minne wanakupita. Mwalimu, mzee wa hapo hapo, alinifundisha kutanua visigino ncha za ski zikaribiane ili nipunguze mwendo, halafu akawa ananirudia neno moja, angalia unakotaka kwenda, usiangalie miguu. Siku ya tatu mchana nikashuka njia ya buluu, ndiyo nyepesi kuliko nyekundu na nyeusi, mwanzo mpaka mwisho bila kuanguka, nikalia. Yule mwalimu ndiye aliyenikumbusha Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliyeiwakilisha Kenya Olimpiki ya Pyeongchang 2018 kwenye mchezo huu huu. Kilifi! Pwani yetu hii hii.

Mama mdogo hakuteleza ila alitembea sana. Jambo moja sitalisahau, alivua glavu akachota theluji kavu mkononi akaiminya sikioni kwangu, akaniambia sikiliza, inalia kama unga wa wanga kwenye mfuko. Kweli kabisa, mlio ule ule! Mimi miaka minane naikanyaga sikuwahi kuusikia.

Tukapanda kilele cha Gornergrat kwa reli ya meno, treni inayopanda kwa gurudumu linaloshika meno ya chuma katikati ya reli, ya mwaka 1898, ya umeme tangu siku ya kwanza, inakupandisha mpaka mita 3,089. Ukifika juu tembea polepole, hewa ni nyepesi, kichwa kinaweza kuuma. Umezungukwa na vilele 29 vya zaidi ya mita 4,000, Matterhorn yenyewe 4,478 imesimama peke yake, na chini barafu ya Gorner imelala kama mto uliogandishwa ukiwa njiani. Inapungua mwaka hadi mwaka, kama ya Kilimanjaro. Mama mdogo alikaa kwenye benchi akavuta tasbihi yake muda mrefu, sikumsemesha.

Kijijini kuna makumbusho yenye kipande cha kamba iliyokatika tarehe 14 Julai 1865, siku Mwingereza Edward Whymper na wenzake walipofika kileleni Matterhorn, mara ya kwanza kwa binadamu, watu saba, wakati wa kushuka wanne wakaanguka wakafa. Nilitegemea kitu kinene, kumbe ni kamba nyembamba hivi. Miaka sita baadaye Lucy Walker akawa mwanamke wa kwanza kufika juu, 1871.

Lakini palipotushika ni mtaa wa zamani, Hinterdorf, maghala ya mbao yaliyoungua jua mpaka yakawa meusi, yamesimama kwa miguu na kila mguu una jiwe bapa la duara juu yake ili panya wasipande. Mama mdogo akaligusa lile jiwe, akasema kihenge cha bibi yako Handeni tulizungushia bati la debe kwenye miguu, kazi ile ile. Tukakaa pale karibu nusu saa anahadithia lile shamba, njaa ya mwaka gani, nani alilala ghalani akilinda mahindi, mambo ambayo sijawahi kusimuliwa nyumbani.

Asubuhi ya mwisho akaniamsha baada ya alfajiri tukaenda darajani karibu na kanisa. Kijiji bado giza, taa za vigari zinapita chini, halafu ncha ya mlima ikashika rangi ya chungwa, ncha tu, ikaanza kushuka kidogo kidogo. Akanishika mkono ndani ya mfuko wa koti langu hadi rangi ikafika mabegani mwa mlima, ndipo akasema twende, treni itatuacha.