Ndoo nne za kiduha: wiki ya 7

Leo asubuhi nimeng'oa hindi la ndoo ya pili. Bonge la udongo niliacha lilowe kwenye beseni mpaka likalegea lenyewe, kisha nikasuuza taratibu, maana ukivuta kwa nguvu unakata kilekile unachokitafuta. Nimekiona: kishina cheupe cha kiduha (gugu linaloishi kwa kunyonya mizizi ya mahindi), hakijafika hata juu ya udongo, kimejishikiza ubavuni mwa mzizi kwa kifundo mithili ya punje ya ulezi. Hapo ndipo kinaponyonya maji na chakula. Hindi hili limedumaa tangu wiki ya 4, nami muda wote nilidhani ni jua.

Kwa anayejiunga sasa: udongo umetoka shambani kwa mama, Magu, ambako upande mmoja ameacha kabisa kupanda mahindi kwa sababu ya kiduha. Ndoo ya kwanza na ya pili zina udongo huo mtupu. Ya tatu na ya nne nimeuchanganya na udongo wa chini ya nyasi, pasipolimwa miaka mingi, nikitegemea fangasi wa mizizi bado wamo.

Kilichonivuta ni hiki. Hindi likikosa fosforasi, mizizi yake hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni kuwaita fangasi hao. Wakifika huingia ndani ya mzizi, hulishwa sukari na mafuta, nao huleta fosforasi kutoka mahali mzizi usipofika. Mbegu ya kiduha, ndogo kama vumbi, inaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 ikingoja wito uleule. Ikiupata huota, na isiposhika mzizi ndani ya siku chache hufa, kwa kuwa haina akiba. Kemikali hiyo iligunduliwa mwaka 1966 kwa kuwa inaotesha kiduha. Kwamba ni wito wa fangasi ilikuja kujulikana 2005. Miaka 39 tulimjua mdoezi, mgeni aliyealikwa hatujamjua!

Mzizi ukishapata fangasi hupunguza kuita, na hapo ndipo penye tumaini langu. Kiduha kilichochomoza mpaka jana: 9 na 7 kwenye udongo mtupu, 4 na 8 kwenye mchanganyiko. Hiyo 8 imenikosesha usingizi. Ndoo nne ni chache mno, msimu ujao nataka kumi na mbili.

Jumamosi nang'oa zilizobaki kabla hakijachanua, kwani mmea mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu. Udongo nitauchemsha kwenye pipa. Mama ameshasema haurudi shambani kwake.