Karatasi ya mahudhurio iliyokuwa ikifukuza vijana

Mradi wetu wa afya ya akili Kisauni, Mombasa, ulikuwa na pesa za mfadhili, mshauri na chai ya tangawizi. Vijana wa maskani walifika, wakaona karatasi ya mahudhurio, wakaaga. Jina, namba ya kitambulisho, simu, sahihi! Kijana aliyeacha shule, ambaye kila msako wa polisi humpitia, ataandikaje hayo chini ya kichwa “afya ya akili”? Mtaani ataitwa mwendawazimu kabla ya magharibi.

Mhasibu alishikilia kwamba bila sahihi mkaguzi atakataa matumizi. Nikamwandikia mfadhili nikitaja Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayohesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Akakubali tutumie namba za siri badala ya majina. Daftari la majina hukaa kwa mshauri, kabatini, kwa kufuli. Nauli hutiwa sahihi kwenye fomu nyingine iliyoandikwa “mkutano wa vijana” tu. Hesabu zinalingana, na mkaguzi hajali zaidi ya hapo.

Dodoso la PHQ-9, la maswali tisa ya kupima sonona, nalo tuliliondoa mlangoni. Mshauri huliuliza faraghani, wakishazoeana. Swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, likijibiwa ndiyo, kijana haondoki peke yake: husindikizwa kliniki siku hiyo hiyo.