Siku mbili Dar

Tumerudi Dodoma usiku huu, miguu inawaka moto ila moyo umeridhika. Ijumaa jioni tulipanda treni ya SGR, hata saa nne hazikuisha tukawa Dar. Jumamosi mapema Kariakoo, kumtafutia bibi vitenge, kisha mwendokasi hadi Kivukoni tuvuke kwenda Kigamboni.

Binti yangu alikuwa hajawahi kuona bahari. Kwenye pantoni alinishika mkono kwa nguvu, akauliza, "Mama, yote haya ni maji?" Nikashindwa kumjibu, machozi yalinilenga.

Jioni Coco Beach, mihogo ya kukaanga na pilipili. Makumbusho ya Taifa hatukufika, muda ulitubana. Leo Feri kununua samaki, halafu mbio stesheni.

Sasa amelala, ganda lake la kombe mkononi.