Maswali Mawili Kwenye Meza ya Presha

Mgonjwa wa sukari yumo katika hatari ya kupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukata tamaa, karibu mara mbili ya mtu asiyeumwa ugonjwa huo, na jambo hili limejulikana kwa zaidi ya miaka ishirini. Hata hivyo, katika kliniki ninayomsindikiza mama mdogo kila mwezi hapa Kigoma mjini, mgonjwa hupimwa uzito, hufungwa kipimo cha presha mkononi, hutobolewa kidole, huandikiwa namba zake kwenye daftari kisha huelekezwa dirisha la dawa, bila yeyote kumuuliza kama analala. Ninaamini huduma ya afya ya akili ianzie kwenye meza hiyo hiyo, badala ya kusubiri mtu ajipeleke kwenye chumba cha peke yake ambacho kila aingiaye husindikizwa na macho ya majirani.

Watu wetu hawafiki hospitali wakasema wana sonona. Husema moyo unawaenda mbio, kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, au wana mawazo. Mhudumu mwenye foleni ndefu hushika habari za kichwa na mwili, huagiza kipimo cha malaria, na majibu yakitoka safi huandika panadoli. Mama mdogo alipitia njia hiyo baada ya kufiwa na mumewe: sukari ilipanda, dozi ikaongezwa, ikapanda tena. Siku moja tulizikuta bahasha za dawa chini ya godoro, vidonge vikiwa vimejaa, naye akatuambia bila kificho kwamba hakuona sababu ya kuvimeza. Hapo hata daktari bingwa wa sukari angeongeza dozi bure.

Maswali ya kuanzia yapo na ni mawili tu: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya shughuli zako, na ni mara ngapi umejisikia mwenye huzuni au kukata tamaa? Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ikifika 3 mgonjwa huulizwa maswali 9 kamili. Muuguzi anaweza kuuliza hayo mawili huku akisubiri kipimo cha presha kimalize kusoma.

Swali la 9 ndilo gumu, kwa sababu linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kujiuliza jibu lake litaishia wapi, hasa anapoulizwa kwenye benchi huku jirani wa Ujiji ametega sikio. Meza isogezwe mbali na foleni kwanza. Hilo halihitaji mfadhili.

Kuuliza bila kuwa na la kumpa aliyejibu ni ukatili. Lakini la kumpa si lazima liwe daktari bingwa wa akili. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia wazee 1,801 wenye sonona waliotibiwa kwenye kliniki zao za kawaida, ambako baadhi yao walifuatiliwa kwa karibu na mhudumu mmoja huku bingwa akimshauri kutoka nyuma. Baada ya mwaka, asilimia 45 ya waliopata huduma hiyo walikuwa wamepungukiwa dalili kwa nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 19 ya waliotibiwa kwa utaratibu uliozoeleka. Harare nako, akina mama wa mtaani waliofundishwa kusikiliza na kumsaidia mtu kupanga namna ya kutatua tatizo lake walifanya kazi hiyo kwenye mabenchi nje ya kliniki. Nasi hatuanzi sifuri, kwa kuwa Morogoro na Kilimanjaro zilifanyiwa majaribio ya kupeleka huduma ya akili hadi zahanati tangu miaka ya 1980.

Mwenye kuona au kusikia visivyokuwapo bado atahitaji kitengo chake, na pengine safari ya treni hadi hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma. Wengine wengi wanaweza kuhudumiwa karibu na kwao, iwapo zahanati itakuwa na dawa na mhudumu wake, hata yule wa Kagunga ambaye wagonjwa wake huja Kigoma kwa boti, atakuwa na mtu wa kumpigia simu katika hospitali ya mkoa na siku maalumu ya kumpigia.