Grant Hill na kifundo cha mguu wa kushoto

Kila mjadala kuhusu wachezaji wa mpira wa kikapu walioharibiwa na majeraha unapozuka, jina la Grant Hill hutajwa kwa masikitiko, kana kwamba habari yake ilikwisha mwaka 2000. Mimi naisoma habari hiyo kwa namna nyingine. Naamini kwamba kilichomponza zaidi ni kuendelea kucheza juu ya mguu ulioumia, na naamini kwamba miaka yake mikubwa kuliko yote ni ile ya mwishoni, alipokuwa na umri ambao wenzake wengi wa rika lake walikuwa wamekwisha kustaafu.

Ni vyema kwanza tukumbuke alikuwa nani. Baada ya kutwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara mbili akiwa na Duke, mwaka 1991 na 1992, alichaguliwa wa tatu na Detroit Pistons, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, mwaka 1994, akagawana na Jason Kidd tuzo ya mchezaji bora chipukizi, na akawa mchezaji wa kwanza wa msimu wake wa kwanza kuongoza kura za mashabiki za Mechi ya Nyota Wote, mechi ya kila mwaka ya wachezaji bora wa ligi. Alipomaliza msimu wake wa sita alikuwa na pointi 9,393, rebaundi (mipira iliyodakwa baada ya kukosa kikapu) 3,417 na asisti (pasi zilizozaa kikapu) 2,720, na kabla yake ni Oscar Robertson na Larry Bird tu waliokuwa wamefikia kiwango hicho katika mambo yote matatu kwa muda huo. Katika msimu wa 1999-2000 alifunga wastani wa pointi 25.8 kwa mechi. Ukiitazama michezo yake ya wakati ule utaona jinsi hatua yake ya kwanza ilivyomwacha mlinzi nyuma: anaukokota mpira upande mmoja, anaukata kwenda upande wa pili, kisha anajisukuma na kuruka. Mtu anayefunga kwa mkono wa kulia huruka kwa kujisukuma na mguu wa kushoto, kwa hiyo kila alipokwenda kikapuni, uzito wote wa mwili wenye urefu wa zaidi ya mita mbili ulipitia katika kifundo kile kimoja.

Katikati ya Aprili 2000, wiki moja kabla ya hatua ya mtoano, kifundo hicho kiliumia katika mechi dhidi ya Philadelphia. Detroit ilipangwa kukutana na Miami Heat, mkataba wa Hill ulikuwa unafikia ukingoni, na alikuwa hajawahi kuivusha timu yake raundi ya kwanza. Akaingia uwanjani. Katika mechi ya pili maumivu yalizidi, akalazimika kutoka, na Miami ikashinda mechi zote tatu. Kifundo kilikuwa kimevunjika. Jina lake lilikuwemo katika kikosi cha Marekani cha Olimpiki ya Sydney mwaka huo, lakini hakwenda.

Yeyote aliyewahi kucheza kwenye viwanja vyetu vya saruji anaijua hali hiyo kwa kiasi chake. Kifundo kikiteguka, mtu hukikanda kwa barafu, akakifunga bandeji, akarudi uwanjani kabla hakijapoa, na wenzake wakamsifu kwa ushujaa. Sifa hizo hutolewa kwa nia njema, na ndizo zinazonitisha, kwa sababu mchezaji anayesifiwa kwa kuvumilia hujifunza kuficha, na jeraha lililofichwa halimpi daktari nafasi ya kulizuia lisizidi.

Majira hayo hayo ya joto Hill alihamia Orlando Magic kwa mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya takriban dola milioni 93. Detroit ikapewa wachezaji Ben Wallace na Chucky Atkins badala yake, na mwaka 2004 Wallace akawa nguzo ya ulinzi ya timu iliyotwaa ubingwa. Orlando ilikuwa imemsajili pia Tracy McGrady, na matumaini ya mji mzima yaliwekwa juu ya wawili hao. Hill alicheza mechi 4 msimu wa kwanza, 14 msimu wa pili, na 29 msimu wa tatu. Alirudi, akaumia, akafanyiwa upasuaji, akarudi tena, na kila mara kifundo kilimkataa.

Machi 2003 madaktari walichukua hatua nzito zaidi: waliuvunja upya mfupa wa kifundo na kuupanga ulingane na mfupa wa muundi. Siku tano baadaye Hill alipata homa iliyopita nyuzi 40 na mwili wake ukashikwa na mtukutiko. Akakimbizwa hospitali, na madaktari walipofungua gango walikuta kidonda kimeshambuliwa na bakteria sugu, wale wasiosikia dawa nyingi za kawaida. Alilazwa kwa wiki moja, kisha akatumia dawa zinazoingizwa kwa mshipa kwa muda wa miezi sita. Hapo suala la kurudi uwanjani lilikuwa dogo; mtu alikuwa anapigania uhai wake kwa sababu ya kifundo cha mguu. Msimu wote wa 2003-04 haukumwona. Nikisoma maneno ya mashabiki waliolalamika kwamba anakula mshahara wa bure, nasikitika, kwani hakuna mshahara unaolipia hali ile.

Alirudi mwaka uliofuata, akacheza mechi 67 kwa wastani wa pointi 19.7, na mashabiki wakampigia kura aanze katika Mechi ya Nyota Wote ya 2005. Ingekuwa hadithi ya kawaida ingeishia hapo. Msimu wa 2005-06 aliumia kinena na akacheza mechi 21 tu.

Mwaka 2007, akikaribia miaka 35, alijiunga na Phoenix Suns, timu ambayo watu wake wa tiba walisifika kwa kuwatunza wachezaji waliochoka miili. Wao hawakukitazama kifundo peke yake. Walichunguza jinsi mwili mzima unavyotembea, wakijua kwamba nyonga iliyolegea huutupa mzigo wake kwenye goti na kifundo, kisha wakarekebisha kwa mazoezi ya kila siku. Msimu wa 2008-09 Hill alicheza mechi zote 82, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipokuwa kijana wa Detroit. Msimu uliofuata alicheza 81, kisha 80. Huko Orlando, misimu mitatu ya kwanza ilimpa mechi 47 kati ya 246. Huku Phoenix, akiwa na umri wa miaka 36 hadi 38, alicheza 243 kati ya idadi ile ile. Tena hakuwa akijificha pembeni. Kwa kuwa hatua yake ya kwanza haikuwa tena ile ya zamani, aligeuka kuwa mlinzi, na usiku baada ya usiku alipewa kazi ya kumkaba mfungaji hatari zaidi wa timu pinzani.

Aprili 2010 Phoenix ilikutana na Portland Trail Blazers katika raundi ya kwanza, na lipo tukio katika mfululizo huo ambalo sijaacha kulifikiria. Brandon Roy, nyota wa Portland, alifanyiwa upasuaji wa goti tarehe 16 mwezi huo, na siku nane baadaye akaingia uwanjani katika mechi ya nne. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe, Portland ikashinda, na Hill, mwenye miaka 37, alikuwa uwanjani upande wa pili. Phoenix ilishinda mfululizo kwa mechi 4 kwa 2, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Hill kuvuka raundi ya kwanza. Safari ikaishia kwa Los Angeles Lakers katika fainali ya kanda ya Magharibi. Roy alitangaza kustaafu Desemba 2011 akiwa na miaka 27, magoti yake yakiwa yameisha gegedu. Alijaribu tena na Minnesota mwaka 2012, akacheza mechi 5.

Hill alistaafu Juni 2013, baada ya msimu mmoja na Los Angeles Clippers, akiwa amecheza mechi 1,026 kwa jumla. Mwaka 2018 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu, na wengi huihesabu heshima hiyo kuwa ni ya Duke na Detroit. Ningekuwa mmoja wa wapiga kura, ningeanza na Phoenix.