Uso uko kwenye chupa

Jana kitindamimba wangu alisimama pale kwenye ngazi mbele ya ile kazi yangu ya sanaa, ya Mama akiwa kwenye cherehani, akaikodolea macho weee, halafu akaniuliza, mama, huyu bibi uso wake ulienda wapi? Nikamwambia ntakwambia baadaye. Sasa ameshalala na mi bado nimekaa mezani na hilo swali, kwa hiyo wacha niandike hapa kwanza kabla sijampa jibu la harakaharaka.

Ilikuwa mwaka ule baada ya Mama kututoka. Maonyesho yanafunguliwa Ijumaa, kazi saba zimeisha, zimefungwa, ya nane ndo hii, na hii ndo niliyotaka watu waione kuliko zote. Dada alikuwa ameniletea boksi la Mama la kushonea, akaliweka mlangoni na hata hakukaa, akasema tu, "Chukua, we ndo utajua cha kuvifanyia." Hayo maneno nimeyarudia kichwani mara nyingi sana tangu siku ile.

Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi zake za vipimo, magazeti ya zamani aliyoyakata kwa shepu ya mkono, ya kola, ya mgongo, kila moja kaiandika namba kwa kalamu ya wino. Yamegeuka njano kama gazeti lolote linavyogeuka, manake karatasi ya gazeti ina lignini, ile gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti, na ikikutana na mwanga na hewa inaungua polepole. Kulikuwa na chaki, futi ya kamba iliyofutika sentimita za mwanzo kwa kushikwashikwa, vipande vya vitambaa vimeviringishwa. Na chini kabisa, imekunjwa mara nne, fotokopi ya ile picha yake akiwa kwenye cherehani. Picha yenyewe ilishaharibika kitambo, iligandamana na kioo cha fremu, na tulipojaribu kuibandua ikabaki kwenye kioo vipandevipande. Fotokopi ndo ilikuwa imebaki. Moja.

Watu wananiuliza mawazo nayatoa wapi, na mi kila siku jibu langu ni lilelile, vitu ndo vinanitangulia, mi nafuata. Sianzi na wazo halafu nikatafuta vifaa. Naanza na kitu kilichoshikwa na watu mpaka kikachoka, nakiweka kwenye ubao bila gundi, nakiacha hata wiki, nikipita nakisogeza kidogo, mpaka siku moja kinakataa kusogezwa tena, ndo hapo nashika gundi. Msanii Kurt Schwitters kule Hannover, Ujerumani, alikuwa anaokota tiketi za tramu, vifungo na matangazo yaliyochanika, na hata jina la kazi zake, Merz, alilipata kwenye kipande cha tangazo la benki lenye neno Kommerz. Yaani jina zima la maisha ya mtu lilitoka kwenye karatasi iliyokatwa! Lakini aliyenipa moyo wa kufungua boksi lile alikuwa Betye Saar, msanii wa Marekani, ambaye alipofiwa na bibi yake mmoja wa ukoo aliyeitwa Hattie alichukua vitu vya yule bibi akavitengenezea kazi, mwaka 1975. Nikasema kama yeye aliweza, na mi naweza.

Basi ubao nikaupaka jeso, ile rangi nyeupe ya kuandalia ubao, mara mbili, nikausugua na msasa laini, magazeti ya vipimo nikayapaka midiamu ya akriliki, kimiminika kinachokauka kikawa kama plastiki, mbele na nyuma ili kuungua kwake kupungue, nikayabandika yakipandana kidogo kama nguo ambayo haijaungwa bado. Vitambaa pembeni. Katikati nikaacha nafasi ya Mama.

Kwa asiyejua, kuhamisha picha ni hivi. Fotokopi haina wino wa majimaji, ina tona, unga wa plastiki uliopikwa kwa joto ukashika juu ya karatasi. Unapaka jeli ya akriliki, ambayo ni ile midiamu ila nzito, kwenye ubao, unalaza karatasi kifudifudi, unakandamiza mpaka hewa yote itoke, halafu unasubiri. Jeli inaishika ile tona. Ikishakauka kabisa unalowesha mgongo wa karatasi kwa maji na kuanza kuusugua kwa kidole, karatasi inatoka, tona inabaki kwenye ubao. Picha inakuja imegeuka, kulia inakuwa kushoto, ndo maana watu huigeuza kwanza kabla ya kutoa kopi.

Mi sikutoa kopi nyingine. Hapa ndo pagumu kuandika. Ilikuwa kazi ya dakika kumi tu, na nilijua, na sikwenda, kwa sababu kopi mpya isingekuwa ile aliyoikunja yeye. Nilikuwa nataka mikunjo yake minne, nilikuwa nataka alama ya kidole chenye mafuta ya cherehani kwenye kona. Kitu kilekile kinachonifanya niwe msanii ndo kilichonizuia kutoka mlangoni na kwenda kutoa kopi.

Na sikusubiri mpaka asubuhi. Nilisubiri saa tatu hivi, nikapitisha draya ya nywele, nikagusa nikaona pakavu.

Usiku ule nakumbuka kila kitu. Taa moja, bakuli la maji, sponji, kimya. Nikalowesha. Karatasi ikilowa inakuwa kama dirisha, kabla hujasugua chochote unaanza kumwona mtu kwa nyuma yake, na Mama akaja hivyo, kwanza mabega, halafu ile shingo aliyoinamisha, halafu mikono miwili juu ya kitambaa. Nikaanzia chini. Nyuzi za karatasi zikaanza kujiviringisha chini ya kidole changu, vijimnyoo vidogo vya kijivu kama vinavyobaki ukifuta kwa raba, na chini yake tona nyeusi, safi, imekaa sawasawa juu ya gazeti lake la vipimo, mkono wake umeangukia juu ya namba alizoziandika mwenyewe kwa mkono huohuo. Nikalia pale, kwa furaha jamani, nilijua hii ndo kazi bora niliyowahi kuifanya. Nikapanda. Mkono, kiwiko, ua la kwenye gauni, bega. Mkunjo wa katikati ulipita kifuani kwake kama mshono. Nikafika kidevuni nikalowesha tena kidogo, kidole kikaenda duara, duara, na nikasikia kwa ncha ya kidole kabla sijaona kwa macho, kitu kikalegea. Kama ngozi iliyoungua kwa maji ya moto inavyolegea. Nikainua kidole na shavu lilikuwa juu yake.

Nilipaswa kuacha. Nimewafundisha watu darasani mara ngapi, ikilegea acha, weka sponji chini, ondoka chumbani. Sikuacha, nilijaribu kulirudisha, nikakandamiza, na kila nilipogusa kikatoka kingine, jicho, paji la uso, mwanzo wa nywele. Juu palikuwa pamekauka, chini jeli ilikuwa bado mbichi kama maziwa, na pale usoni nadhani nilikuwa nimeacha hewa. Sekunde ishirini labda. Pakabaki pengo lenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, na ndani yake linaonekana gazeti lenye kipimo cha kola.

Nilichofanya baada ya hapo ndo kinanishangaza mpaka leo. Nilichukua wembe na kipande cha karatasi, nikakusanya vile vijimnyoo vyote, vya usoni peke yake, nikavikausha, nikavitia kwenye kichupa cha vifungo kilichotoka kwenye boksi lake.

Ijumaa kazi ikaenda hivyohivyo. Watu waliisimamia muda mrefu kuliko zote, wakasema lile pengo ni la ujasiri, mmoja akataka kuinunua nikakataa bila kusema kwa nini. Dada alikuja jioni. Aliiangalia, na mi nilikuwa nyuma yake sijui mikono niiweke wapi, nikasubiri aniulize fotokopi ya ngapi hii, iliyobaki iko wapi. Akainua kidole akaonyesha, hakugusa, akasema, "Gurudumu la cherehani liko upande siyo."

Basi. Hilo tu. Kweli liko upande siyo, picha ilishageuka, Mama pale anashona kinyume. Tumeongea na dada mambo elfu tangu siku ile, na hili halijawahi kutajwa, na sijui kama alijua kuwa ile fotokopi ilikuwemo ndani ya boksi au kama aliponiambia we ndo utajua alikuwa anamaanisha na hiyo pia.

Mwaka 1953 msanii wa Marekani Robert Rauschenberg alifuta mchoro wa msanii mwenzake, Willem de Kooning, mpaka karatasi ikakaribia kuwa tupu, na watu wanaikumbuka kwa ule ufutaji. Mi huwa naishia kwenye kitu kimoja tu, kwamba alikwenda kwanza kwa mwenye mchoro akamwomba, na mwenyewe akampa kwa mkono wake. Nikisoma hapo huwa nafunga kitabu. Mimi ningemwomba nani? Mwenyewe hayupo, na aliyekuwepo niliogopa kumuuliza kwa sababu angeweza kusema hapana.

Mara mbili nimekitoa kichupa nikataka kuvitumia kwenye kazi nyingine, mara mbili nimekirudisha.

Leo asubuhi, kabla ya shule, nilikishusha nikampa mwanangu akishike. Akakitikisa karibu na sikio. Akaniuliza, "Tukimwaga tukipanga vizuri si atarudi?" Nikamwambia sidhani. Akakaa nacho kidogo, halafu akaniomba gundi.